Mdhamini Kama Mdaiwa: Historia ya Wajibu wa Kudhamini Mkopo Zanzibar na Tanzania Bara

Neno dhamana lina kazi nyingi katika Kiswahili cha leo. Mshtakiwa hutoka rumande kwa dhamana. Nyumba huwekwa benki kuwa dhamana. Waziri hutajwa kuwa mwenye dhamana ya ardhi au ya elimu. Msikiti, kanisa na chama cha siasa huwa na Bodi ya Wadhamini. Na timu ya mpira hutafuta mdhamini wa kuilipia jezi. Mtumishi anayeombwa na mwenzake wa ofisini amdhamini kwenye mkopo huombwa kwa neno hilohilo, wala haishangazi akilipokea kwa maana iliyo nyepesi kuliko zote: kwamba anatakiwa kuthibitisha kuwa anamfahamu mwombaji, kwamba ni mtu mwema, kwamba anapatikana akitafutwa. Sheria hailielewi hivyo. Kwa sheria, aliyetia saini amechukua deni.

Makala haya yanafuatilia jinsi wajibu huo ulivyojengeka Zanzibar na Tanzania Bara, tangu biashara ya misafara ya karne ya 19 hadi mikopo ya mishahara ya sasa. Hoja inayotetewa ni kwamba imani iliyozoeleka, ya kuwa mdhamini hulipa mwisho kabisa, baada ya mkopaji kufuatiliwa na kushindikana, haina mizizi katika sheria yoyote iliyodumu katika eneo hili. Fikihi ya Kishafii haikuitambua. Sheria ya Mkataba iliyotoka India haikuitambua. Sheria ya Wajerumani iliitambua, lakini haikuwafikia Waafrika na haikukaa. Kilichobadilika sana katika kipindi hicho cha miaka mia na hamsini hivi ni mtu anayesimama kuwa mdhamini. Kanuni yenyewe imebaki karibu pale ilipokuwa. Pengo kati ya mtu huyo mpya na kanuni hiyo ya kale ndiko yanakotokea makato ya mishahara ambayo wakatwaji hawakuyatarajia.

Deni lililokwisha thibiti

Kabla ya kuja kwa mahakama za kikoloni, mashauri ya madeni Unguja, Pemba na katika miji ya Mrima yalipelekwa mbele ya makadhi wa madhehebu ya Shafii na ya Ibadhi. Wenyeji wengi wa pwani walikuwa Mashafii, na miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa na makadhi wao ni Minhaji cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Kitabu hicho kina mlango mzima unaohusu dhamana, na kwa mtafiti wa historia ya sheria mlango huo una mambo yanayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yalivyozoeleka kuangaliwa.

La kwanza ni msimamo wake kuhusu nani adaiwe kwanza. Mwenye haki anaweza kumdai mdhamini, anaweza kumdai mdaiwa wa asili, na anaweza kuwadai wote wawili. Hakuna foleni. Dhamana huunganisha dhima ya mtu mmoja na dhima ya mwingine katika deni moja, na mdai huchagua mlango wa kubisha hodi. Wanachuoni wa Kimaliki walikuwa na kauli mashuhuri inayomtaka mdai aanze na mdaiwa wa asili maadamu yupo na anacho cha kulipa, lakini madhehebu ya Kimaliki hayakuwa na nguvu katika mahakama za Zanzibar.

La pili linaelekea upande mwingine, na ni muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya. Kwa kauli mpya ya Imamu Shafii, iliyotiliwa nguvu na Nawawi, deni linalodhaminiwa lazima liwe limekwisha thibiti, liwe linalazimu, na kiasi chake kijulikane. Mtu hawezi kudhamini deni litakalozaliwa kesho. Kauli ya kale ya Imamu huyohuyo iliruhusu jambo hilo, lakini si iliyofuatwa. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mdhamini alijua, siku anayosema neno, alichokuwa anakibeba: fulani anadaiwa na fulani riali kadhaa, nami ninasimama kwa kiasi hicho. Sharti hilo lilikuwa ngao, ingawa wanachuoni wenyewe hawakulieleza kwa lugha ya kumhurumia mdhamini. Walilieleza kwa mantiki kwamba kitu kisichokuwapo hakiwezi kudhaminiwa.

La tatu ni haki ya mdhamini kurudishiwa alicholipa. Aliyedhamini kwa idhini ya mdaiwa anarudi kwake kudai. Aliyejitolea kudhamini na kulipa bila kuombwa amefanya hisani, na hisani hairudishwi. Katika mapokeo ya hadithi, dhamana imehusishwa na fadhila: inasimuliwa kwamba Mtume alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni, hadi Abu Qatada aliposimama kulichukua. Simulizi hilo linajulikana sana na waumini wa pwani, na huenda limechangia dhamana kuonekana zaidi kuwa tendo la wema kuliko mkataba. Lakini hata katika simulizi lenyewe Abu Qatada hakuchukuliwa kuwa shahidi wa tabia za marehemu. Deni lilihamia shingoni kwake.

Inafaa kutaja pia kwamba Mashafii walikubali dhamana ya nafsi, yaani ahadi ya kumleta mtu mbele ya hakimu siku inayotakiwa. Mdhamini wa nafsi hakudaiwa mali pale mtu huyo alipofariki. Wajibu wake uliisha. Dhamana ya mahakamani ya leo inafanana na tawi hili kuliko inavyofanana na dhamana ya deni. Kuchanganywa kwa matawi haya mawili katika neno moja la Kiswahili si kosa la wasemaji, kwani fikihi yenyewe iliyaweka katika mlango mmoja. Tofauti ni kwamba makadhi waliyajua mawili hayo kuwa ni mawili.

Mdhamini wa zama za misafara

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, Ujiji na Manyema iliendeshwa kwa mkopo. Nguo, shanga na waya vilitolewa na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja kwa ahadi ya pembe za ndovu zitakazorudi baada ya mwaka, miwili au zaidi. Taria Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Fahad Bishara, katika utafiti wake uliotoka mwaka 2017 kuhusu sheria na madeni katika Bahari ya Hindi ya magharibi, ameonyesha jinsi nyaraka za madeni zilivyoyafunga mashamba ya karafuu, nyumba na watu katika mtandao mmoja ulioanzia Kachi na Muskati hadi maziwa makuu. Chombo kilichotumika sana ni bei ya hiari: mwenye shamba hulihamisha kwa mkopeshaji kwa sura ya mauzo, akibaki na hiari ya kulikomboa kwa muda uliowekwa, na aghalabu akiendelea kulikalia kwa kodi.

Kwa hiyo mali na mtu vilikwenda pamoja. Mwenye shamba aliweza kuliweka shamba. Asiye na shamba alihitaji mwenye nalo asimame kwa ajili yake. Kutokana na hali hiyo inafaa kumfikiria mdhamini wa wakati ule kuwa mtu wa namna fulani: mfanyabiashara, mkubwa wa ukoo, au bwana, aliyejua thamani ya pembe, aliyekuwa na watu wa kumpelekea habari kutoka bara, na aliyeweza kumbana mdaiwa kwa njia ambazo mdai wa Unguja hakuwa nazo. Fikihi ilisaidia kumchuja: dhamana ya mtumwa bila idhini ya bwana wake haikusihi. Aliyedhamini alikuwa na uwezo wa kulipa na uwezo wa kufuatilia. Kanuni ya kumruhusu mdai aanze na mdhamini haikuwa dhuluma kubwa kwa mtu kama huyo. Wakati mwingine yeye ndiye aliyekuwa sababu ya mkopo kutolewa, na faida ya safari ilimfikia.

Picha hii isipambwe kupita kiasi. Wapo waliokufa na madeni ya wengine, na mrithi wa pwani aliyekuta waraka wenye jina la baba yake hakuwa na raha kuliko mrithi wa leo. Nawawi mwenyewe anasema kwamba mdhamini wa deni la muda akifariki kabla ya muda kufika, deni hupevuka palepale katika tirika yake, ilhali mdaiwa wa asili aliye hai anaendelea kungoja siku yake.

Sheria ya 1872

Mwaka 1866 Waingereza waliipa mamlaka mahakama ya konseli wao Unguja, nayo ikawa na nguvu juu ya raia wa Kiingereza pamoja na Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wao. Sheria iliyotumiwa ilitoka Bombay zaidi kuliko London. Miongoni mwake ni Sheria ya Mkataba ya India ya 1872, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo na ambayo sura yake ya nane, vifungu vya 124 hadi 147, inahusu ahadi ya fidia na dhamana. Sheria hiyo baadaye iliingia katika Zanzibar ya himaya, ambako masharti yake yalihifadhiwa katika Dikrii ya Mikataba, na ikaingia Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1920 ya kutumia sheria za India. Tanganyika ilipotunga Sheria ya Mkataba yake yenyewe mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, vifungu vya dhamana vilichukuliwa karibu kama vilivyokuwa. Mtumishi wa Dodoma anayedhamini mkopo leo anafungwa na maneno yaliyotungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kalkuta na Bombay.

Kifungu cha 126 kinaitambua dhamana ya mdomo sawa na ya maandishi. Hapa waandishi wa sheria hiyo waliachana kwa makusudi na Uingereza, ambako tangu mwaka 1677 ahadi ya kulipa deni la mwingine haikuweza kudaiwa mahakamani bila maandishi yenye saini. Kenya ilichagua njia tofauti: ilipoacha sheria ya India na kuweka Sheria ya Mkataba yake, Sura ya 23, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilirudisha sharti la maandishi. Matokeo yake ni kwamba neno lililosemwa barazani Horohoro laweza kumfunga msemaji, na neno hilohilo likisemwa Lunga Lunga, mwendo mfupi tu upande wa pili wa mpaka, halimfungi.

Kifungu cha 128 ndicho moyo wa sura yote. Kinasema kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Mfano uliowekwa katika kifungu chenyewe ni wa hati ya malipo iliyokataliwa, ambapo mdhamini anawajibika kwa kiasi kilichoandikwa pamoja na riba na gharama zilizokwisha kulipika. Mahakama Kuu ya Rufani ya India ilipoulizwa mwaka 1968, katika shauri la Benki ya Bihar dhidi ya Damodar Prasad, kama benki iliyokwisha kushinda kesi ililazimika kumaliza njia zote za kumfuata mdaiwa mkuu kabla ya kumgusa mdhamini, ilijibu kwamba hailazimiki. Ilieleza kwamba dhamana ingepoteza maana yake ikiwa mkopeshaji angeambiwa kwanza azunguke kwa mdaiwa. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania, lakini inatafsiri maneno yaleyale, na ni vigumu kuona ni tafsiri gani nyingine ambayo maneno hayo yangeweza kubeba.

Tofauti kubwa na fikihi imo katika kifungu cha 129. Hapo inaruhusiwa dhamana endelevu, inayofunika mfululizo wa miamala ambayo haijafanyika bado. Sharti la Nawawi kwamba deni liwe limekwisha thibiti liliondoka bila mjadala, na pamoja nalo ikaondoka ngao iliyokuwa imemkinga mdhamini wa Kishafii. Mdhamini anaweza kuifuta dhamana ya namna hiyo kwa kumwarifu mkopeshaji, na kifo chake kinaifuta pia, lakini kwa miamala ya baadaye tu. Yaliyokwisha kukopwa yanabaki katika mirathi yake. Katika jambo moja sheria hii ya India ilikuwa na ukarimu zaidi kuliko fikihi: kila dhamana inahesabiwa kuwa na ahadi ya mdaiwa mkuu, hata kama haikutamkwa, ya kumrudishia mdhamini alicholipa kwa haki. Aidha aliyelipa anavaa viatu vya mkopeshaji, akachukua haki zake zote dhidi ya mdaiwa, pamoja na mali iliyowekwa rehani wakati dhamana ilipotolewa, awe aliijua au hakuijua.

Vilevile sheria hiyo ilimpa mdhamini milango kadhaa ya kutokea. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa yake, anaachiliwa kwa miamala inayofuata. Mkopeshaji akikubaliana na mdaiwa kumwongezea muda, mdhamini ambaye hakuridhia anaachiliwa. Mkopeshaji akimwachilia mdaiwa mkuu, au akafanya tendo linalodhoofisha haki ya mdhamini kurudi kwake, dhamana inakwisha. Dhamana iliyopatikana kwa kusema uongo au kwa kunyamazia jambo zito ni batili. Lakini kukaa kimya tu kwa mkopeshaji, bila kumshitaki mdaiwa kwa miezi au mwaka, hakumwachilii mtu. Wengi hudhani kwamba deni lililonyamaziwa limesamehewa. Kwa mkataba wa kawaida Tanzania Bara, muda wa kushitaki ni miaka sita.

Kuhusu wadhamini wengi wa deni moja, sheria inagawa mzigo sawa kati yao wenyewe. Mfano wake ni wa wadhamini watatu wa rupia 3,000, ambao kila mmoja anatakiwa kubeba 1,000. Mgawo huo lakini ni wa ndani ya wadhamini. Mkopeshaji ambaye mkataba wake unawafunga kwa pamoja na mmoja mmoja anaweza kumwendea yule aliye rahisi kumpata, akachukua zote, kisha akamwachia kazi ya kuwatafuta wenzake wawili. Katika mkopo wa shilingi 6,000,000 wenye wadhamini watatu, ambapo mmoja amehamishiwa wilaya ya mbali na mwingine amestaafu, aliyebaki kituoni ndiye atakayekatwa, na milioni zake nne zitakuwa madai yake binafsi.

Bara: miaka ya kuzuiwa kukopa

Koloni la Wajerumani halihitaji maneno mengi hapa. Kitabu cha sheria ya madai cha Ujerumani, kilichoanza kutumika mwaka 1900, kilitaka dhamana iandikwe, na kifungu chake cha 771 kilimpa mdhamini haki ya kukataa kulipa hadi mkopeshaji ajaribu kwanza kukazia hukumu dhidi ya mdaiwa mkuu bila mafanikio. Haki hiyo ni ya kale. Mfalme Justinian aliiweka katika sheria ya Kirumi mwaka 535. Wafanyabiashara waliosajiliwa waliondolewa katika kinga hiyo, kwa kudhaniwa kwamba wanajua wanachokifanya. Ni kanuni inayofanana sana na ile ambayo watu wa Tanzania huidhania kuwa yao. Hata hivyo iliwahusu Wazungu na wale waliowekwa daraja moja nao. Waafrika waliamuliwa na maofisa wa wilaya, maliwali na maakida kwa desturi na kwa sheria ya Kiislamu, na utawala wenyewe ulikwisha katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Waingereza walifanya jambo ambalo matokeo yake kwa historia ya dhamana hayajapewa uzito unaostahili. Katika miaka ya 1920 na 1930 walitunga sheria za kubana mikopo kwa wenyeji Tanganyika, zilizomzuia asiye Mwafrika kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika pasipo taratibu za maandishi na kibali cha mtawala. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya dukawala. Ulinzi ulipatikana, lakini kwa gharama ya kumweka Mwafrika nje ya mkopo rasmi kwa kizazi kizima, na asiyekopeshwa hana haja ya mdhamini. Wakati Wahindi wa Dar es Salaam na Tanga walipokuwa wakizoea hati za dhamana, mabenki na mawakili, Waafrika wengi walibaki na dhamana ya jamaa na jirani, inayoamuliwa na wazee na kulipwa kidogo kidogo, na ambayo ndani yake kumtafuta mdaiwa kwanza ni adabu ya kawaida. Ni huko, kwa maoni ya makala haya, ndiko imani ya mdhamini kuwa mtu wa mwisho ilikolelewa. Imani hiyo haikutokana na kuielewa vibaya sheria iliyoandikwa. Ilitokana na sheria nyingine, isiyoandikwa, iliyofanya kazi vizuri mahali pake.

Vyama vya ushirika, vilivyopata sheria yao mwaka 1932, viliwaletea wakulima wa kahawa na pamba mkopo wa pembejeo ambao mdhamini wake alikuwa mavuno: chama kilikata deni kabla ya kumlipa mkulima. Benki ya Maendeleo Vijijini iliyoanzishwa mwaka 1971 iliendelea kukopesha kupitia vijiji na vyama, na deni likawa la wote, jambo ambalo mara nyingi lilimaanisha kuwa halina mwenyewe. Mtu mmoja, kwa jina lake na saini yake, akisimama kwa deni la mtu mwingine mmoja mbele ya taasisi ya fedha, ni sura iliyokuja kuenea baada ya mageuzi ya sekta ya fedha ya miaka ya 1990.

Mwalimu na fomu

Mdhamini wa kawaida wa leo si mfanyabiashara wa pembe. Ni mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri au askari, ambaye kitu pekee alichonacho mbele ya mkopeshaji ni mshahara wa kila mwezi na akiba yake katika SACCOS. Hapati sehemu ya mkopo. Hajui mkopaji ana madeni gani mengine. Hana njia ya kumbana zaidi ya kumpigia simu. Anadhamini kwa sababu mwenzake naye atamdhamini mwezi ujao, na kwa sababu kukataa katika ofisi ya watu wanane ni kutangaza uadui. Katika vyama vya akiba na mikopo, vinavyoendeshwa sasa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, dhamana ya wanachama kwa wanachama ndiyo nguzo ya mikopo mingi, na akiba ya mdhamini huzuiwa kwa kiasi alichodhamini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo humtaka mwombaji awe na mdhamini katika fomu yake, na anayesaini mara nyingi ni mzazi, mjomba au shangazi ambaye kwake swali la kusaini au kutosaini halipo.

Milango ya kutokea iliyotajwa hapo juu ipo katika Sura ya 345, lakini fomu zimejifunza kuifunga. Ni kawaida mkataba wa dhamana uliochapwa kusema kwamba mdhamini anachukuliwa kuwa mdaiwa mkuu, kwamba anaridhia mapema nyongeza yoyote ya muda na mabadiliko yoyote ya masharti, na kwamba dhamana yake ni endelevu. Saini moja inafuta vifungu vinne au vitano. Sheria inaruhusu, kwa kuwa kifungu cha usawa wa wajibu chenyewe kinaacha nafasi kwa mkataba kusema vingine; waandishi wa 1872 walikuwa na imani kwamba wanaopatana ni watu wanaolingana.

Ulinzi uliopo unatoka kando, katika sheria ambazo hazikutungwa kwa ajili ya mdhamini. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, katika kifungu cha 48, inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe katika kukazia hukumu. Mdhamini aliyetoa saini tu, bila kuweka rehani, hunufaika na kinga hiyo. Aliyeiweka nyumba yake rehani kwa mkopo wa mwingine ameivua kinga kwa mkono wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mashauri ya wake waliogundua kwamba nyumba imekwenda benki kwa deni la shemeji yameifanya ridhaa hiyo kuwa sehemu ya kawaida ya hati za rehani. Hata hivyo ridhaa iliyosainiwa si lazima iwe ridhaa iliyoeleweka. Mahakama ya juu ya Uingereza ilikabiliana na jambo hilohilo mwaka 2001, katika shauri la Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge, na kuamua kwamba kila uhusiano wa mdhamini na mdaiwa usio wa kibiashara uifanye benki ihakikishe mdhamini amepata maelezo ya wakili kuhusu hatari anayoichukua. Kigezo hicho, kwamba mdhamini hana faida katika mkopo, kinamgusa mwalimu wa SACCOS moja kwa moja. Hakuna kifungu cha Sura ya 345 kinachokitambua.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2019 muswada wa kurekebisha Sheria ya Mkataba ulipelekwa katika Bunge la Taifa, ukikusudia kumlazimu mkopeshaji aanze na mali ya mdaiwa mkuu kabla ya kumgeukia mdhamini. Waliouunga mkono walizungumza kana kwamba wanairudisha haki iliyonyang'anywa, ingawa katika sheria iliyoandikwa ya Afrika Mashariki haki hiyo ilikuwapo tu, kwa miaka isiyofika ishirini, katika koloni la Wajerumani na kwa watu wachache.

Suala la istilahi

Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa Tanzania mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sura za sheria imeendelea tangu hapo, na sura ya mikataba ina mtego wake. Matini ya Kiingereza hutumia neno moja kwa mkataba wa dhamana, jingine kwa mtu anayedhamini, na la tatu kwa mali iliyowekwa kulinda deni. Kiswahili cha kawaida kina dhamana kwa la kwanza na la tatu, na mdhamini kwa la pili, mdhamini huyohuyo anayeilipia timu jezi na anayesimamia mali za msikiti. Kwa mali, neno rehani lipo, ni la kale, na makadhi wa Unguja walilitumia bila utata. Kwa mtu, fikihi ilikuwa na kafili, ambalo wasomi wa dini wanalijua na wengine hawalijui. Mfasiri anaweza kubaki na mdhamini na kuongeza maelezo katika kifungu cha tafsiri ya maneno, ambacho mtia saini hatakisoma. Au anaweza kuandika katika fomu yenyewe, mahali pa saini, neno ambalo sheria imekuwa ikilikusudia tangu mwanzo, yaani mdaiwa mwenza. Baadhi ya wakopeshaji hawatalipenda neno hilo, kwa sababu baadhi ya watu wakilisoma hawatasaini.